Kuli wa Sherehe

"Vua hicho kitambaa, baba! Vua kabla sijakuvua mwenyewe!"

"Thubutu! Nyoosha huo mkono uone kama utarudi nao."

"Mama, mwambie mumeo avue!"

"Eti mumeo! Leo si baba yako tena?" Mama alikuwa kasimama katikati yao, kashika pasi ya mkaa kwa mkono mmoja na mkono mwingine kausukumiza kifuani kwa mwanawe. "Na punguzeni sauti. Kuta hizi ni karatasi, jirani akikohoa sisi tunampa pole."

"Waache wasikie! Kesho si watamwona mwenyewe? Kesho gani, leo hii! Saa nne watamwona kifua wazi kama kuku aliyenyonyolewa!"

Baba mtu alikuwa mbele ya kioo kidogo cha ukutani, kioo ambacho ukitazama pua huoni sikio. Kavaa kitambaa cheupe kiunoni, kimepitishwa katikati ya miguu na kufungwa nyuma. Juu hana kitu. Shingoni ana kipande cha bati cha mviringo kwenye kamba, kimegongwa namba 212. Dereva wa kampuni ndiye aliyeleta furushi lile jana, na ndani yake mlikuwa pia na bango la kadibodi la kuning'iniza kifuani. Limeandikwa kwa herufi kubwa nyekundu: KULI. Chini yake, kwa herufi ndogo: Walioijenga kampuni yetu, miaka mia iliyopita.

Kule ghalani wenzake walimwita Winchi, kwa sababu alikuwa akibeba kama mashine. Mwanawe naye laini yote ya kota, zile nyumba za kampuni, ilimwita Cheti. Miaka miwili tangu amalize shule alikuwa anazunguka na cheti chake ndani ya bahasha ya plastiki, na mvua ikinyesha alikuwa anaificha bahasha chini ya shati, yeye mwenyewe analowa.

"Babu yangu alivaa hivihivi aliposhuka kwenye meli," Winchi akasema, anageuka kidogo kujitazama ubavu. "Aibu iko wapi?"

"Babu yako alivaa hivyo kwa sababu walimvua nguo bandarini wakazichemsha kama viazi, eti ana chawa! Wewe una chawa?"

"Mimi nina mgongo."

"Ndiyo nini sasa?"

"Ndiyo hivyo. Nina mgongo, na mgongo unataka kiti."

Habari ya kiti ilikuwa habari ya kweli. Pale getini kwa kampuni kuna kibanda chenye bati, na ndani ya kibanda kuna kiti cha plastiki chenye mahali pa kuegemea. Mlinzi wa zamani alistaafu mwezi uliopita. Kazi yenyewe ni kukaa, gari likija unanyanyua mti unaoziba njia, likipita unashusha. Winchi alikuwa na miaka hamsini na sita, thelathini na moja ya hiyo chini ya magunia ya kilo tisini, na siku hizi asubuhi mkewe ndiye anayemfunga kamba za viatu. Nyapara alimwambia waziwazi: simama kwenye sherehe ya miaka mia ya kampuni uwe kuli, beba gunia moja tu mbele ya wageni, Jumatatu unakaa kwenye kiti. Usiposimama, kuna wengine wanaokimezea mate.

Na ukishindwa kubeba na kiti huna, na nyumba huna. Kota ni za wenye namba ya kazi. Hilo halikuhitaji kusemwa.

"Lakini kwa nini wewe?" Cheti akauliza, sauti imeshuka lakini bado ina miba. "Wachukuzi wako sitini. Kwa nini hawakumwita mwingine?"

"Kwa sababu babu wa mwingine hakuletwa na meli kutoka Asia."

"Haswaa! Umesema mwenyewe! Wanataka hii." Akajishika nywele zake zilizonyooka. "Wanataka sura. Hivi baba, hilo neno unajua maana yake?"

"Kuli ni mbeba mizigo. Kule ghalani tunaitana kuli kutwa nzima na tunacheka."

"Mkiitana wenyewe ni utani. Hilo bango nani kaandika? Mbeba mizigo ni mchukuzi. Ni mpagazi. Kuli lilikuwa neno la kumwita mtu wa Asia ambaye hutaki kumuuliza jina. Alikuwa anaitwa kuli akibeba, anaitwa kuli akiwa mgonjwa, akifa wanaandika kuli mmoja. Nimesoma!"

"Umesoma," baba'ke akaitikia. "Umesoma, na chai unayokunywa nimeibebea magunia mimi."

Pembeni kitandani Bibi akacheka. Bibi alikuwa mama yake Winchi, mtu wa miaka themanini na kitu, macho yanaona vivuli lakini masikio yanaona kila kitu. Alikuwa anachambua mchele kwa vidole, kokoto zote anazipata, hata usipompa taa.

"Mama mkwe wangu alizaliwa kulekule," akasema. "Aliniambia kwao neno hilo lilikuwa la malipo ya kutwa. Jioni mtu anauliza, kuli yangu iko wapi? Anapewa, anakwenda zake na jina lake. Sasa hao wenye meli wakaona tabu kumwita mtu, wakamwita malipo."

"Na wengine wanasema lilikuwa jina la kabila moja la watu maskini," Cheti akadakia. "Wazungu wakaona maskini wote ni haohao."

"Sasa kama hata nyinyi hamjakubaliana, mimi mnanisumbua nini?" Winchi akachukua bango akalitia chini ya kwapa. "Neno halivunji mfupa. Mke wangu, nipe shati la kupitia nalo njiani."

Mama akampa shati lililopigwa pasi. Akamfunga vifungo vyote, mpaka cha shingoni, mpaka kile kibati kikapotea ndani.

"Na wewe Cheti utakuja," Mama akasema. "Wameandika familia zote zije. Asiyekuja anaandikwa."

* * *

Uwanja wa kampuni ulikuwa umefagiliwa mpaka ukawa kama umeoshwa. Wageni wamekaa chini ya turubai, viti vimevalishwa vitambaa, maji ya chupa. Familia za wachukuzi zilisimama upande wa jua, nyuma ya kamba. Mbele walikuwa wamejenga jukwaa la mbao, kimo cha kiuno, lenye ngazi tatu, na nyuma yake wamepanga magunia kama ghala la zamani.

Sasa lazima uelewe jinsi kazi ile inavyofanywa, maana aibu yote iko hapo. Mchukuzi hainui gunia. Anayeinua ni wenzake wawili. Yeye anachukua gunia tupu, anakunja pembe moja ndani ya nyingine, anavaa kichwani kama kofia inayoshuka mpaka mgongoni. Anainama, mikono kwenye mapaja, anatazama chini. Wale wawili wanabembea gunia, moja, mbili, wanasema "Twaa!" na kwa neno hilo mchukuzi anasukuma juu kwa magoti, kwa nguvu zake zote, anakutana na gunia njiani. Ukichelewa linakulaza. Kwa hiyo huchelewi. Mwili unajifunza kutochelewa, na ukishajifunza huuambii kitu.

Mke wa meneja alikuwa ameona huruma. Alisema yule mzee asibebeshwe mzigo wa kweli, ataumia bure. Wakajaza gunia pumba. Kilo nne, labda tano. Winchi aliambiwa asubuhi, akacheka, akasema basi leo nitabeba na mbili. Masikio yake yaliambiwa. Magoti hayakuambiwa.

Alipopanda jukwaani na kile kitambaa, wale watoto waliokuwa mbele ya kamba wakaanza, "Winchi! Winchi yuko uchi!" Mama alitazama mbele kama anayetazama ukuta. Cheti alikuwa kando yake, kajikunja mabega.

Mshereheshaji alikuwa kijana wa idara ya mauzo, ana kipaza sauti na viatu vyenye ncha. "Mabibi na mabwana, huyu ndiye kuli! Kizazi cha tatu, damu halisi, haijachanganywa! Babu wa babu... eh, babu yake alifika hapa na kitambaa hiki tu. Kuli, salimia wageni!"

Winchi akainamisha kichwa. Wageni wakapiga makofi.

"Kuli, kazi!"

Akainama. Wenzake wawili wakabembea lile gunia, nao pia wamesahau, wanabembea kwa nguvu za kila siku. Moja. Mbili. Twaa!

Winchi akaruka juu kama mtu aliyekanyaga moto. Magoti yalikuwa yanatafuta kilo tisini, hayakuzikuta. Akaenda juu, halafu mbele, mikono inashika hewa, hatua mbili za kulewa, jukwaa likaisha. Alianguka mgongo kwenye ukingo wa ngazi, halafu chini uwanjani, na gunia likamfuata likapasukia juu yake. Pumba zikafunika kila kitu, uso, kifua, bango. Akawa kama andazi lililomwagiwa unga.

Kicheko kilichotokea siwezi kukwambia. Wageni walicheka, watoto walicheka, wachukuzi wenyewe walicheka. Na Cheti alicheka. Hakutaka. Kilimtoka tu, ha! kikubwa, mdomo wazi, kabla hajajua kuwa kile ni kicheko na yule ni baba yake. Alipoufunga mdomo, mama yake alikuwa ameshageuka kumtazama. Kisha akapita chini ya kamba akakimbilia jukwaani.

"Ndiyo maana siku hizi tuna mashine!" mshereheshaji akasema, na watu wakaanza upya.

Winchi hakunyanyuka. Watu walidhani bado anachekesha.

* * *

Jumatatu asubuhi, saa ile ambayo angekuwa anakaa kwenye kiti, Winchi alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka, mguu wa kushoto hausikii vizuri. Mtu wa huduma ya kwanza alimpaka dawa ya moto akasema apumzike. Mama na Cheti wakaenda ofisini.

Ofisa wa wafanyakazi alikuwa mama mmoja mwenye miwani ya kamba. Kulikuwa na viti viwili mbele ya meza yake. Mama alipotaka kukaa, akaambiwa, "Hivyo ni vya wageni wa kampuni, mama. Simama tu, hatukai sana."

Wakasimama.

"Nimeisoma habari yenu. Nawapa pole. Ila hii si ajali ya kazini."

"Ameanguka ndani ya geti lenu," Mama akasema. "Mbele yenu. Mmecheka wenyewe."

"Jumamosi hakupiga kadi. Asiyepiga kadi hayuko kazini. Alikuwa kwenye mchezo." Akageuza karatasi upande wao. "Na hata nikitaka kuwasaidia, tazameni hapa. Fomu inauliza, mzigo ulikuwa wa kilo ngapi? Nijaze nini? Kilo nne za pumba? Atakayeisoma atacheka."

"Si mmeshacheka?" Cheti akasema.

Ofisa akainua macho. "Huyu ndiye mwenye cheti?"

Mama, Mungu amsamehe, akaona hapo pana mwanga. "Ndiye, mama. Amemaliza shule. Anajua kuandika vizuri. Mwonyeshe, mwanangu."

Cheti akatoa bahasha. Ofisa akakitoa cheti kwa ncha za kucha, akakipitia kwa kidole, akasimama mahali pamoja.

"Hesabu umeanguka."

"Ndiyo."

"Ni desturi ya ukoo, basi, kuanguka." Akacheka peke yake kidogo, akamrudishia. "Nakutania, usikunje uso. Sasa mama, kuna jambo la nyumba. Kota ni za walio kazini. Mchukuzi akishindwa kubeba anapewa siku kumi na nne. Sikuandika mimi, niliikuta."

"Na kiti?" Mama akauliza. "Nyapara alituahidi kiti cha getini."

"Mlinzi lazima asimame kunyanyua mti, mama. Baba anasimama?"

Njiani kurudi walipita kwenye bomba la maji, pale wanawake wanapopanga ndoo. Mmoja akauliza, "Winchi anaendeleaje?" Mwingine, nyuma, akasema "Twaa!" kwa sauti ndogo, na ndoo zikagongana kwa kicheko kilichozuiwa. Mama akapita. Mlangoni kwao ndipo akamgeukia mwanawe.

"Wale ni watu baki," akasema. "Wale siwalaumu."

Cheti alitamani angepigwa kofi.

* * *

Nyapara alikuja Jumanne, saa moja asubuhi, chai haijachemka. Hakubisha hodi sana. Aliingia kijiti mdomoni, akamtazama Winchi pale chini, akachuchumaa.

"Ndugu yangu Winchi. Umetuacha."

"Bado nipo," Winchi akasema kwa shavu lililobanwa na mkeka.

"Shemeji, habari za asubuhi. Bibi, shikamoo. Jamani, nina gari nje na muda sina, kwa hiyo nitasema yote mara moja. Wakubwa wenyewe wamefika jana. Wenye kampuni. Wameonyeshwa picha za Jumamosi kwenye simu. Wamecheka mpaka mmoja akavua miwani akaifuta. Sasa wanataka leo onyesho lirudiwe mbele yao. Lote. Na kuanguka kuwepo."

Bibi alisimamisha vidole kwenye mchele.

"Kiti bado hakijapata mtu," nyapara akaongeza. "Meneja amesema, akipatikana wa kuanguka, kiti na nyumba vinabaki humu ndani. Nimemsikia kwa masikio yangu."

"Si mtafute mwingine aanguke?" Mama akasema. "Kuanguka nako kunataka ujuzi?"

"Kunataka, shemeji! Jana jioni tumejaribu vijana wawili. Wanaanguka kama wanalala. Halafu tatizo ni..." Akajipapasa uso, akazungusha kidole. "Sura. Mkubwa anataka wa asili ileile. Kwenye karatasi za wageni wameshaandika, wajukuu wa makuli wa Asia." Akageuza shingo taratibu mpaka kwa Cheti. "Kizazi cha nne si kibaya."

"Toka," Cheti akasema.

"Kijana..."

"Toka nje ya nyumba yetu! Nenda ukawaambie hao wakubwa waanguke wao! Mimi si kuli, sikuzaliwa kuli, na sitavalishwa bango na mtu!"

Nyapara hakutikisika. Alihamisha kijiti upande wa pili wa mdomo. "Nyumba yenu," akasema. "Haya."

Cheti akamgeukia mama yake. Alitegemea atamuunga mkono, walau kwa kunyamaza. Mama alikuwa anamimina maji ya moto kwenye beseni kwa ajili ya kukanda mgongo wa mumewe, na hakuacha kumimina.

"Jumamosi ulicheka bure," akasema. "Leo wacheke wao, walipie."

Winchi akainua kichwa kidogo, "Alicheka nani?" Akamtazama mkewe, akamtazama mwanawe, akapata jibu lake bila kuambiwa. Akarudisha shavu kwenye mkeka.

Cheti alisimama pale. Alitaka kusema kilimtoka. Alitaka kusema kila mtu alicheka. Yote aliyoyapanga mdomoni yakawa maneno ya mtoto. Kilichotoka mwishowe kilikuwa kingine kabisa, na alikisema kwa sauti ya mtu anayenunua kitu dukani.

"Kiti kitaandikwa jina la nani?"

"La mzee," nyapara akasema. "Si ndiye..."

"Mzee hasimami. Mwezi ujao mtasema mlinzi hasimami, mtatutoa. Kiandikwe jina langu. Na nyumba jina langu. Niandikie sasa hivi, uweke sahihi, ndipo niende."

"We mtoto!" Bibi akasema. "Baba'ko amekitolea mgongo kiti hicho!"

"Ndiyo maana hawezi kukikalia."

Ilikuwa kweli, na ilikuwa kama kumkanyaga. Nyapara mwenyewe alitazama pembeni. Mama akasema "Mwanangu" mara moja tu, si kwa kumkataza, ni kama mtu anayetaja kitu alichokiona barabarani. Na Cheti, kwa dakika ile moja, nitasema ukweli, alijisikia mrefu. Miaka miwili kila mtu alikuwa anampita kama kiti kisicho na mguu, na sasa watu wazima wanne walikuwa wanangoja neno lake.

"Mwandike," Winchi akasema kutoka sakafuni.

"Winchi, una hakika?"

"Mwandike. Amesoma."

Nyapara akatoa daftari la hesabu ya magunia, akachana ukurasa, akaandika akiwa ameegemea ukuta. Cheti akausoma mara mbili, akamrudishia, akamwonyesha neno moja la kurekebisha, akausoma tena. Akaukunja akautia kwenye bahasha ya plastiki.

"Sasa mfundishe haraka," nyapara akamwambia Winchi. "Saa tatu tunatakiwa pale."

Lazima mjue kuwa Winchi hakuwahi kumfundisha mwanawe hata kukunja gunia. Cheti alipokuwa na miaka tisa alijivika gunia kichwani kwa mchezo, akapigwa na baba'ke mpaka akajikojolea, na baba'ke ndiye aliyelia. Aliapa mtoto huyu hatabeba. Sasa alikuwa amelala kifudifudi, kidevu kwenye ngumi, anatoa amri.

"Panua miguu. Si hivyo, unasubiri mpira? Panua. Mikono kwenye mapaja. Tazama chini. Chini, baba! Mchukuzi hatazami uso wa anayemtwika."

Nyapara na Mama wakashika mto wa kulalia, kila mmoja upande wake. Wakabembea. Moja, mbili. "Twaa!"

Cheti akainuka, akajirusha mbele, akatua kwa viganja.

"Uongo," Winchi akasema. "Umejiangusha. Rudia."

Akarudia. Uongo. Mara ya tatu akajigonga kwenye kitanda, bado uongo.

"Shida yako unajua ni mto," baba'ke akasema. "Usijue."

"Sasa nitaachaje kujua, na nauona?"

"Mimi niliachaje? Niliambiwa ni pumba. Nilijua. Halafu waliposema twaa, nikaamini." Akapumua, maumivu yakampitia usoni. "Fikiria ni sisi. Mimi, mama'ko, bibi'ko, na hii nyumba. Fikiria tuko wote humo ndani ya gunia, na usipotuinua tunakulaza. Amini kabisa. Halafu usukume."

Cheti akainama. Safari hii alifumba macho. Mishipa ya shingo ikamtoka kabla hata hawajabembea.

"Twaa!"

Alikwenda juu kweli. Alikwenda juu na kitu chote alichokuwa nacho, mto ukaruka mpaka darini, naye akapita kichwa mbele kama aliyesukumwa na ng'ombe, kidevu kikagonga sakafu tah! na ulimi ukawa katikati. Alipoinua uso damu ilikuwa inamtoka kwenye mdomo, macho yamekodoka, hajui alipo.

Bibi ndiye aliyeanza. Hata haoni vizuri, lakini kishindo alikisikia, na kicheko chake cha mapengo kikapanda kama cha mtoto anayetekenywa. Nyapara akafuata, anajipiga paja. Mama akaziba mdomo kwa khanga, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka, na huwezi kujua ni ya nini. Na Winchi, tangu Jumamosi hajaonyesha jino, Winchi akacheka na kuumia, akacheka na kuumia, anapiga sakafu kwa kiganja.

"Hiyo!" akasema. "Hiyo sasa! Hiyohiyo!"

Cheti akajifuta damu kwa mkono. Hakuna aliyemuuliza kama ameumia.

Nyapara akatoka kuwasha gari. Kitambaa kilikuwa kimefuliwa jana na Mama kutoa pumba, bado kina unyevu. Cheti alikivaa akiwa ameupa ukuta uso. Hakujua kukifunga nyuma, kikamponyoka mara mbili. Mama akaja akamfunga, akakaza fundo, akampiga pigo dogo kiunoni kama anavyofanywa mtoto akishavalishwa sare ya shule.

"Na ukishaanguka usinyanyuke haraka," Winchi akasema nyuma yake. "Wageni wakubwa huwa wanachelewa kucheka. Lala. Wasubiri wamalize. Wakimaliza ndipo wanapenda."

"Nilale kwa muda gani?"

"Mpaka mtu aseme basi."

Nje honi ikalia, halafu sauti ya nyapara, ya furaha, ya utani wa kila siku wa ghalani, ikaita laini nzima ikasikia:

"We kuli! Tunachelewa!"

"Nakuja!" Cheti akaitika.

Alikuwa ameshaitika. Akawatazama wote watatu kuona kama wamesikia. Mama alikuwa anakunja shati alilolivua Cheti, Bibi amerudi kwenye mchele, na baba'ke, shavu chini, alikuwa amefumba macho.

"Funga mlango," baba'ke akasema. "Watu wananiona."

Akatoka, akaufunga.